Besi ya Vidole Viwili

Sauti ya kwanza ambayo Nereo Zapata aliitoa kwenye kompyuta ilimpeleka mkewe jikoni kulipiga friji teke. Ofelia alidhani limeanza tena ugonjwa wake. Aliporudi alimkuta mumewe mezani, kidole cha mkono wa kulia kimeganda juu ya kinanda kidogo kilichounganishwa na kompyuta, na mngurumo ule ule ukiendelea, haupandi, haushuki, haupumui. Binti yao Dalila, ambaye ndiye aliyeiweka ile programu ya kutengeneza sauti, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nereo hakuona cha kuchekesha. Alitaka besi ya kumbia, muziki wa dansi wa mtaani kwao, akapata friji, na sherehe ya mtaa ilikuwa inakuja mbio.

Nereo alikuwa mpiga besi. Si wa redioni, wala wa kuitwa kwenye kumbi za mjini. Wa mtaa wa Independencia tu, pale Monterrey, ambako nyumba zimepandana mlimani na mtu huenda dukani kwa ngazi. Siku za kazi alikuwa kwenye kiwanda cha mabati kule chini. Jumapili alipiga kumbia za Kolombia na shemeji yake Eliud, kaka wa Ofelia, mpiga kodiani. Kundi walilianzisha wao wawili kabla hawajaota ndevu za maana. Eliud ndiye aliyemkutanisha na Ofelia, naye Nereo ndiye aliyemuombea Eliud kazi kiwandani, wakawekwa kwenye mashine moja: Nereo analaza bati, Eliud anakanyaga pedali ya kushusha presi, chuma kizito cha kukandamiza bati.

Siku moja presi ilishuka kabla ya wakati wake. Vidole vitatu vya katikati vya mkono wa kushoto wa Nereo vikabaki juu ya bati. Wakubwa walipouliza, Eliud alisema mashine ilijiangukia yenyewe, na ikachukuliwa kuwa hivyo. Lakini Nereo alikuwa ameuona mguu wa shemeji yake ukikanyaga, huku kichwa kimegeuka nyuma kujibu utani wa mtu. Hakusema hospitali, hakusema nyumbani. Angemwambia nani? Ofelia? Amwambie kaka yako ndiye? Akalimeza kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki, nao ukakwama pale pale kooni.

Ukimuuliza yeye, vidole havikumuuma kama macho ya shemeji yake. Tangu siku ile Eliud hakuutazama ule mkono. Alikuja nyumbani, alileta nyama, alipanda juu akaziba paa lililokuwa linavuja, lakini akiongea na Nereo alikuwa anaongea na bega lake, au na ukuta, au na mbwa. Nereo alingoja. Alijiambia mtu hupewa muda. Muda ukapita, na badala ya neno alilolingoja, Eliud akaja na jina la mtu mwingine.

Alilisema mbele ya sahani ya mayai na nyama kavu, akiiangalia chupa ya pilipili. Alisema sherehe ya kanisa la mtaa inakaribia, vijana wa kundi wanalalamika, kumbia bila besi ni supu bila chumvi. Kuna huyu Saúl, mtoto wa yule mama wa mikate ya tortilla, ana mkono mzuri.

"Besi ipo," Nereo akasema.

"Gita lipo, shemeji. Mkono je?"

Ofelia alitua sufuria kwa kishindo. Nereo akainua mkono wa kushoto juu ya meza, dole gumba na kidole cha mwisho, akavikutanisha.

"Vimebaki viwili. Chawa bado namvunja."

Dalila alicheka, Ofelia akatabasamu bila kutaka. Eliud alibaki na chupa yake. Hapo ndipo Dalila alipoingilia, akasema siku hizi besi si lazima iwe na nyuzi, nusu ya nyimbo anazozisikia mjomba redioni besi yake imetoka kwenye kompyuta, na mkono wa kulia wa baba ni mzima. Eliud alisita, akajikuna shingo, mwisho akatoa masharti yake kwa ukuta.

"Sawa. Siku ya sherehe, wimbo wa kwanza. Ikikubali, unapiga mpaka mwisho, kundi ni lako kama zamani. Ikikataa, Saúl anapanda. Na akishapanda ndiyo basi, shemeji, tusije tukalaumiana."

Kwa hiyo friji lile halikuwa mchezo. Mtu aliyepokonywa kazi na vidole, akipokonywa na Jumapili yake, anabakiwa na nini? Kukaa mlangoni na kuwasalimia wanaopanda ngazi. Nereo alilijua hilo.

Dalila alimfundisha alichokijua, ambacho hakikuwa kingi, na kilichobaki alikipata kwa bwana mmoja wa Argentina kwenye video, aliyeongea kama mtu anayefukuzwa. Somo la kwanza lilikuwa mawimbi. Sauti yote huanzia kwenye wimbi, na programu ilikuwa nayo ya namna kadhaa. Lipo laini, la mviringo, lisilo na makali hata kidogo. Hilo ndilo lililomfanya Ofelia apige teke. Lipo lenye meno kama msumeno, kali, linalovuma kama nyuki waliofungiwa koponi. Nereo alilichukia lile la msumeno mara moja akalikimbia, akashinda siku nzima akiongezea lile laini hiki na kile, na kila alichoongeza kilizidi kulifanya friji kubwa zaidi.

Bwana wa Argentina akamrudisha nyuma. Alisema huanzi na kitu kitupu ukakijaza. Unaanza na kilichojaa ukakipunguza. Msumeno una kila kitu ndani yake, mazito kwa makali. Upitishe kwenye chujio, yale makali yazuiwe, yabaki mazito. Nereo akashika kifundo cha chujio, kimoja cha vile vya kuzungusha kwenye kinanda, akakizungusha polepole kukifunga, na wale nyuki wakaanza kwenda mbali, wakaingia chini ya ardhi, kikabaki kitu kinene na cheusi kama kahawa iliyoachana na machicha yake. Akaondoa kidole. Ilikuwa mara ya kwanza tangu presi kushuka kusikia kitu kinachofanana na yeye.

Lakini bado haikuwa besi, kwa sababu haikujua kuingia wala kutoka. Uzi wa gita ukiupiga, sauti huja kwa ghafla, huanguka kidogo, hutulia, kisha huondoka ukiinua kidole. Programu ilikuwa na vifundo vinne vya mambo hayo manne: kuja, kuanguka, kukaa na kuondoka. Kuja alikupata upesi. Kuondoka kulimtesa. Kukiwa kurefu, besi ilimwagika juu ya noti iliyofuata. Kukiwa kufupi mno, ilikatika kama kikohozi. Na besi ya kumbia haijazi kila mahali. Inapiga, inanyamaza, na ule unyamavu ndio unaomwinua mchezaji mguu. Nereo alikuwa akiufanya unyamavu ule kwa mkono wa kushoto tangu ujana wake bila kuufikiria, na sasa alitakiwa autafute kwa kifundo. Kuna nyakati alisikia kidole cha shahada, kile ambacho hakipo, kikiwasha kwa kutaka kuuzima uzi. Mara moja alilia, akasema ni vitunguu, na Ofelia akamjibu kwamba nyumba ile siku hiyo haina kitunguu.

Mazoezi ya kundi hakwenda. Hakuitwa, na hata angeitwa asingekubali Saúl amsikie akijifunza. Alifanya mazoezi nyumbani, na mwalimu wake wa nyimbo alikuwa kaseti. Na hapa ndipo alipokosea, kosa ambalo mtu wa mtaa mwingine asingelifanya.

Watu wa Independencia hawapendi kumbia zikimbie. Tangu zamani mtaani pale husikilizwa iliyoshushwa: mashine ya kaseti hupunguzwa mwendo, wimbo unaburuzwa, kodiani inakuwa kama inaota, mwimbaji wa kike anakuwa na koo la mzee. Na mwendo ukipungua, sauti nayo hushuka. Mtoto wa pale anaisikia kumbia hiyo kabla hajajua kutembea. Umpigie ile ya kasi yake halisi atakuuliza watu hao wanamkimbia nani. Kaseti zote za Nereo zilikuwa za namna hiyo.

Alipotaka kupiga pamoja nazo, besi yake ilikuwa juu ya wimbo. Akaona vifundo viwili vya kupandisha na kushusha sauti yote. Kile kikubwa kilishusha hatua nzima nzima, kutoka kibonyezo cha kinanda hadi kibonyezo. Kile kidogo kilishusha unywele, yale makombo kati ya kibonyezo kimoja na kinachofuata. Alizungusha kikubwa hadi akakaribia, akamalizia na kidogo hadi besi na kaseti zikalala kitanda kimoja. Akafanya mazoezi hivyo mpaka Ofelia akawa anaimba sehemu za besi jikoni.

Asubuhi ya sherehe alikumbuka kwamba kodiani ya Eliud haijashushwa na mtu. Akakirudisha kile kifundo kikubwa mahali pake. Mwenye akili yeyote angekirudisha. Kile kidogo hakukigusa, wala hakukikumbuka. Alibonyeza noti chache kuhakikisha, na zilikuwa tamu masikioni mwake; lakini masikio yenyewe yalikuwa yamelelewa na kaseti, na pale kati ya vibonyezo viwili ndipo yalipozaliwa.

Jioni jua likiwa bado juu ya milima, uwanja wa mpira wa kikapu ulikuwa umejaa. Moshi wa nyama ulitembea juu ya vichwa, watoto walining'inia kwenye nguzo za vikapu, watu walipitisha vikaratasi vya salamu, zisomwe jukwaani, kwa kina fulani wa ngazi fulani. Fundi wa mitambo alijaribisha vyombo kimoja kimoja. Ilipofika zamu ya Nereo akabonyeza noti moja, na kina mama waliokaa karibu na spika wakashika glasi zao.

"Mzee, hiyo besi au tetemeko?" fundi akauliza, na alikuwa anasifu.

Saúl alisimama chini ya jukwaa, gita la besi limemkaa kifuani, kijana mtaratibu aliyechana nywele kwa maji. Alimwamkia Nereo kwa heshima zote, akamwambia ameisikia sauti yake na ni nzito kweli. Nereo alitamani awe mjuvi, amtukane, apate sababu ya kumchukia. Akamjibu ahsante mwanangu, akarudi kwenye kinanda chake.

Eliud alipanda bila kumtazama. Aliliambia bega: "Wimbo wa kwanza, shemeji."

Kodiani ikafungua wimbo peke yake, kwa madaha, na watu wakapiga miluzi. Guacharaca, kile kigogo cha kukwaruzwa, ikaingia na mkwaruzo wake, ngoma zikaingia. Duara la wachezaji likaanza kuzunguka, miguu inafagia sakafu. Kisha besi ikaingia.

Kama ingekuwa noti ya makosa, ingekuwa afadhali. Noti ya makosa mtu huijua, akairuka, akaendelea. Hizi zilikuwa noti sahihi, moja baada ya nyingine, zote zimekaa pembeni kidogo ya viti vyao. Zikikutana na kodiani zilitoa uchachu unaosikika menoni. Wachezaji wa mbele wakatazamana. Bibi mmoja aliyekuwa amesimama kucheza akakaa tena, akajifanya anafunga kiatu.

Nereo alisikia, lakini hakuelewa. Mkono wa kulia ulijua nyimbo, ulikuwa unakwenda panapotakiwa. Ni nini basi? Akadhani chujio limefunguka, akalifunga. Uchachu ukabaki, mnene zaidi. Akadhani ni kule kuondoka, akakufupisha; besi ikaanza kukohoa. Akatazama waya. Akatazama kompyuta, na herufi za kwenye kioo zikamcheza machoni.

"Nereo, besi yako imelewa!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye jiko la nyama.

"Imelewa na mwenyewe!" mwingine akaitikia, na kicheko kikapita uwanjani.

Aibu ilimpanda Nereo kutoka miguuni. Alimwona Dalila karibu na spika, kiganja kimefunika mdomo. Alimwona Ofelia, ambaye hakuwa anamtazama yeye; alikuwa anamtazama kaka yake, jicho kavu. Alimwona Saúl akiweka mguu kwenye ngazi ya jukwaa, si kwa shari, bali kwa sababu ndivyo alivyoambiwa afanye. Imekwisha, Nereo akajiambia. Nimekwisha. Lakini mkono wake ulikataa kuacha, ukaendelea kubonyeza uchachu ule ule, mfa maji haachi kutapatapa.

Eliud akainua mkono, na muziki ukasimama.

Uwanja mzima ukasikika ukipumua. Saúl alikuwa ameshapanda, waya wa gita mkononi, anatafuta pa kuuchomeka. Eliud alisogea kwenye kipaza sauti na watu wakangoja jina. Alimtazama dada yake, ambaye bado alikuwa amemkazia jicho lile kavu. Kisha akakipa mgongo kipaza sauti, akatembea mpaka kwenye meza ya Nereo.

Alibonyeza kitufe kimoja cha kodiani, akaanza kuvuta. Noti moja, tupu, haina wimbo. Nereo akamtazama bila kuelewa, na ndipo alipoona kwamba macho ya Eliud hayako begani, wala ukutani. Yalikuwa kwenye mkono wa kushoto wa Nereo, juu ya kovu, na hayakuondoka.

Nereo akabonyeza noti ile ile ya besi, akaiacha ilie.

Sauti mbili zinazokaribiana bila kufikiana hugombana. Zinapigana mapigo, wau, wau, wau, na kadiri zinavyosogeleana ndivyo mapigo yanavyokwenda polepole, hadi zikutane na ugomvi unyamaze. Kila anayekaza nyuzi za gita analijua hilo, na Nereo alikuwa amekaza nyuzi nusu ya maisha yake. Ndani ya wimbo, ngoma na fadhaa vilikuwa vimemziba. Sasa alisikia. Akajua ni kile kifundo kidogo.

Akakishika kwa dole gumba na kidole cha mwisho, maana mkono wa kulia ulikuwa umeshikilia noti. Akazungusha. Wau-wau-wau, mapigo yakaharakisha. Alikuwa anakwenda pabaya. Akarudi. Na hapa nisiache kusema kwamba kodiani ile ya vitufe ina tabia yake: ukivuta, kitufe kinatoa noti moja, ukisukuma, kinatoa nyingine. Eliud hakuweza kugeuza. Alikuwa na mvuto mmoja tu, na mvukuto ulikuwa umeshafunguka nusu. Aliuvuta kidogo kidogo, mishipa ya shingo imemsimama, akiunyima upepo ili udumu, na mikono yake ikaendelea kuachana.

Wau. Wau. Dole gumba liliteleza kwa jasho, Nereo akalifuta kwenye shati na kushika tena. Mvukuto ulikuwa unakaribia mwisho. Hakuna aliyecheka sasa. Wau. Akasogeza unywele mmoja. Wau, refu, kama mtu anayepumua usingizini. Akasogeza nusu ya unywele.

Ugomvi ukanyamaza. Kodiani na besi zikawa kitu kimoja, na kila aliyesimama juu ya saruji ile alisikia sauti ikimpanda kwenye nyayo. Saúl aliushusha waya wake, akarudi chini taratibu.

Eliud alikuwa amebaki amefungua mikono yote miwili, kodiani imenyooka hadi mwisho, haina tena upepo. Mbali na kipaza sauti, kwa sauti ambayo aliisikia Nereo peke yake, akasema:

"Presi haikujiangukia, shemeji. Ni mimi niliyekanyaga."

"Najua," Nereo akasema. "Nilikuona."

"Tangu siku ile?" Eliud akauliza.

"Tangu siku ile. Haya, rudisha upepo, watu wamesimama."

Eliud akaukunja mvukuto, akahesabu mapigo ya kuuanza wimbo upya, akihesabu huku anautazama mkono wa Nereo.